Vitabu Nilivyovinyima Nyota: Msomaji Kijana na Hadithi za Ajabu

Makala hii inahusu daftari langu. Najua kuanza makala ya uhakiki kwa kujitaja mwenyewe si mila ya jarida letu, na huenda wapo walimu ambao wameshashika kalamu nyekundu. Naomba wanivumilie kidogo. Tunahakiki waandishi, tunahakiki wahusika, tunahakiki hata wahakiki wenyewe. Lakini msomaji, yule anayelala na kitabu kifuani, tunamtaja kwa jina la jumla la "hadhira" halafu tunampita kama kituo cha basi. Mimi ninao ushahidi wa msomaji mmoja kwa muda wa miaka saba, umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe na tarehe zipo. Msomaji huyo ni mimi, basi.

Chanzo cha yote ni semina. Muhula uliopita tulikuwa tunajadili fantasia katika fasihi ya Kiafrika. Nikasimama nikasema, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba Kiswahili hakina fantasia. Kwamba waandishi wetu wamekazana na ukoloni, rushwa na mapenzi, na anayetaka majini na nchi zisizokuwapo hana budi avuke kwenda kwa Waingereza. Wenzangu kadhaa waliitikia kwa vichwa. Mwalimu hakubisha. Aliniuliza tu: "Wewe mwenzetu umesoma nini?" Nikajibu kwamba ninaweza kumletea orodha nzima. "Haya, ilete," akasema, akaendelea na mwingine.

Nikaenda bwenini kuitoa orodha, na hapo ndipo aibu iliponianza.

DAFTARI LENYEWE

Ni kaunta buku nililolianza nikiwa Kidato cha Pili, mwaka 2017. Nililipiga mistari kwa rula: namba, jina la kitabu, mwandishi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cha nani, na alama juu ya kumi. Safu ya "cha nani" niliiweka kwa woga tu. Vitabu vingi nilivyokuwa nasoma vilikuwa vya watu, na niliwahi kupoteza kimoja nikalipa kwa kufua nguo za mwenyewe wiki mbili. Baadaye nikaongeza nyota ndogo pembeni kwa kila kitabu cha ajabu, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa navitafuta: vyenye joka, mchawi, jini, mlango unaofungukia dunia nyingine.

Nilipofunga hesabu kwa ajili ya mwalimu, daftari lilikuwa na vitabu 112. Vyenye nyota vilikuwa 64. Vya Kiswahili vilikuwa 17, na katika hivyo 17 hapakuwa na nyota hata moja.

Ungedhani basi nilikuwa sijasoma kitu cha ajabu kwa Kiswahili, na hoja yangu ya semina imesimama. Wapi! Mistari yenyewe ilikuwa inanicheka. Kufikirika, Kidato cha Tano. Kusadikika, mwaka wa kwanza. Babu Alipofufuka, mwaka wa pili. Nchi ambayo mfalme wake anakusanya waganga wa kila namna ili apate mtoto, nchi nyingine inayoning'inia angani, na mzimu wa babu unaomjia mjukuu wake mkubwa mwenye cheo. Vitabu hivi ningevikuta kwa Kiingereza ningevipa nyota kabla sijamaliza kusoma jalada la nyuma. Mbele ya Kufikirika nilikuwa nimeandika neno moja: "shule".

Ningeweza kusema nilikuwa mwanafunzi mzembe, tukamalizana. Lakini nimewauliza wenzangu wa darasani wanaopenda vitabu vya namna hii, na majibu yao hayakuwa mbali na yangu. Kwa hiyo kuna jambo hapa la kuelezwa, na si la mtu mmoja.

KUHUSU TABIA YA KUANDIKA TUNACHOSOMA

Kuweka hesabu ya vitabu si jambo jipya wala si la wapenda mambo madogomadogo tu. Charles Darwin aliweka madaftari ya vitabu alivyosoma na alivyokusudia kusoma tangu mwaka 1838 hadi 1860, na leo wanaochunguza jinsi mawazo yake yalivyokua wanayategemea. Huko Uingereza, mnamo mwaka 1996, Chuo Kikuu Huria cha nchi hiyo kilianza kukusanya ushahidi wa namna hii wa wasomaji wa kawaida, kutoka katika barua, kumbukumbu za siku na kesi za mahakamani, kuanzia mwaka 1450 hadi 1945. Wanachotafuta si alichoandika mwandishi bali nani alikisoma, wapi, na kilimfanya nini. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye simu. Goodreads ilifunguliwa mwaka 2007, na vijana wengi wanaitumia kushindana nani amemaliza vingi kwa mwaka. Sina ugomvi nao. Ila daftari lina sifa moja ninayoipenda: mwandiko haudanganyi. Nikiuangalia wangu najua kabisa ni kitabu gani nilikiandikia kwa furaha na kipi nilikiandika kwa kutimiza wajibu.

Katika nadharia ya upokezi tunafundishwa kwamba msomaji haji mtupu. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 pale Konstanz, alizungumzia upeo wa matarajio: yale ambayo msomaji ameshayazoea kabla hajafungua ukurasa, na ambayo yanaamua ataona nini ndani. Nilikariri maelezo hayo kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba nilikuwa na picha ya upeo wangu mwenyewe chini ya mto wa kulalia.

KUANZIA KATIKATI

Jambo la kwanza nililoliona nilipolisoma daftari kama mhakiki ni mpangilio. Msomaji wa hadithi za ajabu Ulaya, nadhani, huanza kitabu cha kwanza, akaenda cha pili, akamaliza cha tatu. Mimi nilisoma kwa mpangilio wa muuza mitumba. Mjomba wangu alikuwa akipita mitaa ya Posta, Dar es Salaam, ambako vitabu vilivyotumika hupangwa chini kando ya njia, akachukua chochote chenye picha ya upanga, akanitumia. Hivyo ndivyo nilivyoanza The Lord of the Rings kwa kitabu cha pili, The Two Towers.

Mwenye kukijua atacheka. Kitabu kinaanza watu wanakimbia msituni wanamtafuta mtu, na katika sura ya kwanza tu anakufa shujaa anayeitwa Boromir. Watu wanamlilia. Daftarini niliandika, kinyume cha sheria zangu, nje ya safu: "Huyu ni nani? Amekufa kabla hatujajuana." Kitabu cha kwanza, The Fellowship of the Ring, nilikipata baada ya miezi kumi na minne, nakala ya kwenye simu. Tolkien alivitoa vyote viwili mwaka 1954, kimoja kwa kufuatana na kingine. Sasa nikamwona Boromir mzima, anatembea, anabishana, anawabeba wadogo kwenye theluji, na mimi najua. Kila neno lake lilikuwa na uzito ambao wenzangu waliosoma kwa utaratibu hawakuupata. Wao walimshuku, mimi nilishamzika, nikawa namwonea huruma tangu alipofungua mdomo.

Nilidhani hiyo ni ajali ya umaskini wa vitabu. Lakini fikiri kuhusu Utendi wa Liyongo, aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Nani katika hadhira ya Kijumwa alikuwa hajui kwamba Liyongo, jitu lisilokufa kwa mkuki wala mshale, ataangamizwa kwa sindano ya shaba kitovuni, tena na mwanawe wa kuzaa? Kisa chenyewe kilikuwa kimeshatembea vizazi kwa vizazi. Hadhira ilikaa ikimsikiliza mtoto anamuuliza baba yake siri ya kifo chake, huku wote wanajua jibu litafanya kazi gani. Yaani utamu wa hadithi ya ajabu katika pwani yetu haukutegemea kutokujua mwisho. Muuza mitumba wa Posta, bila kujua, alinirudisha kwenye usomaji wa mababu.

Mfano mwingine ni wa Ursula Le Guin. Nilianza na The Tombs of Atuan cha mwaka 1971, ambacho ni cha pili katika visa vyake vya Earthsea. Mchawi Ged, ambaye kwa wasomaji wengine ndiye shujaa, kwangu alikuwa mgeni anayeingia gizani wakati hadithi imekwenda mbali, na shujaa wangu alikuwa msichana Tenar, mwenye nyumba. Niliposoma baadaye A Wizard of Earthsea cha mwaka 1968 nilikuwa nasubiri Tenar atokee. Hatokei. Nilikipa alama sita, na leo naona sita hiyo ilikuwa ya Tenar, si ya kitabu.

Hapa nataka wenzangu watazame kidogo jambo hili. Wolfgang Iser anatueleza kuhusu mianya ambayo mwandishi anaiacha na msomaji anaijaza. Sawa. Lakini ipo mianya ambayo hakuiacha mwandishi. Imeachwa na soko, na maktaba yenye nakala moja, na rafiki aliyeazima akahama shule. Msomaji wa huku kwetu anajaza mianya ya aina mbili kwa mpigo. Nadharia tulizopewa zinashughulika na aina moja tu.

FUMBO NA NYOTA

Sasa turudi kwenye nyota zilizokosekana, maana ndipo penye kesi.

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi ya ajabu, anasema fantasia yenyewe inaishi katika kusitasita. Linatokea jambo lisiloelezeka. Msomaji, na aghalabu mhusika pia, hajui kama ni njozi au ni kweli. Akipata maelezo ya kawaida, kitu kimekwisha, kilikuwa kioja tu. Akikubali kwamba majini yapo na mambo yanaendelea, tumeingia katika ajabu kamili. Fantasia ni ule ukingo kati ya viwili hivyo. Ukipima kwa kipimo hicho, Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed (2001) kinakaa ukingoni hasa: K, yule mjukuu aliyeshiba, hana hakika kama anayemsumbua ni babu aliyetoka kaburini au ni dhamiri yake iliyotoka usingizini, na sisi pia hatuna hakika. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952) kiko upande wa ajabu kamili. Adili anapomweleza Mfalme Rai kwamba manyani anaowapiga kila usiku ni ndugu zake, na aliyewageuza ni jini Huria, mazungumzo hayaishii kwenye kubisha kama majini yapo au hayapo.

Lakini Todorov anaongeza sharti ambalo wengi tunaliruka. Anasema msomaji akisoma kitabu kizima kama istiara, yaani kila kitu kinasimamia kingine, basi ajabu yenyewe inakufa. Joka likiwa ni ubepari tangu ukurasa wa kwanza, hakuna anayeliogopa. Tolkien naye, katika dibaji ya toleo la pili la riwaya yake, alisema wazi kwamba hapendi istiara.

Na sisi tumefundishwaje Kusadikika? Kabla sijafungua kitabu nilikuwa nimeshaambiwa: Kusadikika ni Tanganyika chini ya ukoloni, Majivuno ni watawala, Karama ni wapigania haki. Nikaingia na kalamu ya kijani, nikawa napigia mstari dhamira. Nilipata alama nzuri. Lakini ile nchi angani sikuiona hata siku moja. Nilikuwa kama mtu aliyealikwa harusini akakaa jikoni kuhesabu masufuria.

Wahakiki wetu wa miaka ya sabini na themanini waliuliza swali la maana: kazi hii ya fasihi inamsaidia nani? Siwabezi hata kidogo. Nchi ilikuwa inajengwa. Tatizo ni kwamba sisi wanafunzi tumelirithi swali hilo kama fomu ya kujaza: dhamira, ujumbe, falsafa, halafu fani kwa mistari sita ya mwisho kama muda upo. Ndani ya fomu hiyo, ajabu haina kisanduku. Inaitwa "mandhari ya kubuni", tunaendelea.

Najua nitajibiwa, na jibu lenyewe ni zito: hakuna mwalimu aliyembambikia Shaaban Robert fumbo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaita wahusika wake Adili, Hasidi na Mwivu. Majina yanatangaza tabia kabla mtu hajafanya lolote. Na Kusadikika ilitoka mwaka 1951, wakati kusema wazi kulikuwa na gharama. Ni kweli tupu. Sisemi tuliondoe fumbo. Ukiliondoa unabaki na nusu ya kitabu. Ninachosema ni kuhusu lipi litangulie. Mtu aliyepanda kwanza angani akashangaa, akishuka na ujumbe anakuwa ameubeba mwenyewe. Aliyekabidhiwa ujumbe mlangoni hana sababu ya kupanda.

Baada ya ile semina nilijaribu. Nilisoma Kusadikika upya kwa tabia zangu za msomaji wa ajabu, yaani nikatafuta ramani. Mashabiki wa vitabu hivi tunajua: ukurasa wa kwanza ni ramani, milima hapa, bahari pale. Kusadikika hakina, kwa hiyo nikachukua penseli nichore mwenyewe. Wajumbe sita wanatumwa, mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Nne za kwanza zikaenda vizuri. Nilipofika ya tano na ya sita penseli ikasimama. Kama nchi yenyewe iko angani, mbinguni ni juu kiasi gani? Na ardhini, jamani, ardhini ni hapa kwetu! Katika Kusadikika sisi ndio nchi ya kigeni. Sisi ndio tunaotembelewa na mjumbe, anatuchungulia, anachukua alichojifunza, anarudi kwao kuwekwa ndani. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile na kukifanyia mtihani bila kugundua kwamba kuna mahali kinageuka na kumwangalia msomaji.

Na angalia, ugunduzi huo haukuua fumbo. Umelitia nguvu. Mjumbe anayefungwa kwa kosa la kuleta habari kutoka ardhini anauma zaidi ukishaiona ile safari yake ya kushuka na kupanda kuwa ni safari kweli, yenye urefu na kizunguzungu.

Nagona cha Kezilahabi (1990) kina kisa chake daftarini. Hakimo katika wale 112 kwa sababu nilikuwa siandiki namba mpaka nimalize, na nilikiacha mara mbili. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa safari moja ya Tanga hadi Dar. Pembeni niliandika "falsafa ngumu". Mara ya tatu, mwaka huu, nilikiingia nikijiambia kwamba ni hadithi ya msafiri katika nchi ya ajabu, anatafuta kitu, anakutana na watu wasioeleweka. Nikamaliza kwa jioni mbili, na Mzingile (1991) nikakifuata. Falsafa bado ni ngumu, sitadanganya. Ila mguu ulishapata pa kukanyaga.

AMBAVYO DAFTARI HALIKUWEZA KUANDIKA

Kuna kitabu kimoja ambacho ningepaswa kukipa namba moja, nacho hakimo kabisa.

Nikiwa na umri wa miaka tisa, likizo nyumbani kwa mjomba, nilikuta kitabu kisicho na jalada na kurasa kadhaa za mwanzo. Kilikuwa na mtu anayewachapa manyani wawili kila usiku, kisha analia pamoja nao na kuwalisha. Sikulala. Nilikuwa naogopa kwenda msalani peke yangu, si kwa kuogopa manyani, bali kwa kuogopa kumwona yule mtu anawapiga huku analia. Kulikuwa pia na mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, na binti mmoja hai katikati yao. Niliporudi Tanga nilimsimulia bibi, naye akasema hiyo ni ndefu lakini ya kawaida, akanipa ya kwake ya zimwi.

Jina la kitabu nililijua chuoni, mwaka wa kwanza, tulipopewa Adili na Nduguze. Nilipofika kwenye manyani nilisimama. Nikakumbuka hata harufu ya ile kabati. Halafu, kwa sababu ilikuwa wiki ya kuandika insha, nikaendelea kutafuta dhamira ya uadilifu, na daftarini sikuandika chochote kwa kuwa nilikuwa nimesoma sura zilizotajwa katika swali tu.

Baadaye nikajifunza kwamba kisa hicho kina ndugu yake katika Alfu Lela Ulela: mtu anayewachapa kila usiku mbwa wawili, ambao ni ndugu zake. Shaaban Robert, mzaliwa wa kwetu Tanga, amewafanya manyani, na amewapa nafasi ya kutubu na kusamehewa. Hapo kuna makala nzima ya mwingilianomatini ambayo mwenzangu mmoja aiandike. Ninachotaka mimi kuonyesha ni kidogo zaidi. Mwaka huohuo wa 1952 Amos Tutuola wa Nigeria alichapishwa London, kitabu chake The Palm-Wine Drinkard, nami nimekipa nyota, alama tisa, na mstari mzima wa sifa. Vitabu viwili vya Kiafrika vya mwaka mmoja, vyote vimejaa viumbe visivyo vya dunia hii. Kimoja nilikisoma kama fantasia. Kingine, ambacho ndicho kilichonifanya niwe msomaji wa fantasia, nilikisoma kama swali la insha.

Na zimwi la bibi je? Halina mwandishi, halina tarehe ya kumaliza kwa sababu bibi alikuwa anasinzia katikati. Safu ya "cha nani" ingemshinda yeyote. Utenzi wa Rasi 'lGhuli, ule wa vita virefu uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, niliusikia vipande vipande kwa mzee jirani kabla sijajua kwamba upo kitabuni. Safu zangu nilizichora kwa kuiga kadi za maktaba, na kwa hiyo daftari liliona kile tu ambacho maktaba inaona: kitu chenye jalada. Msomaji wa Kiswahili wa hadithi za ajabu huanza kuwa msomaji kabla hajajua kusoma. Ukimhesabu kuanzia kitabu cha kwanza umeshachelewa miaka kumi.

NILIVYOLIREKEBISHA

Kwa mwenzangu atakayetaka kuanza lake, safu ya alama nimeifuta. Kumi juu ya kumi ya Kidato cha Tatu ilimaanisha nilikuwa na furaha wiki ile, hakuna zaidi. "Cha nani" nimeibakiza, na nimegundua ndiyo yenye historia kubwa kuliko zote: ukiifuata unaona nani alimpa nani, shule gani kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye vitabu, na lini simu iliingia ikavunja mnyororo wote wa kuazimana. Nimeongeza safu ya "nilikipata vipi", yaani kizima au kipande, cha ngapi katika mfululizo, kwa macho au kwa masikio. Vilivyoachwa navyo viandikwe, pamoja na mahali ulipoachia. Ukurasa uliokushinda una maneno mengi kuliko ule uliokupendeza. Na nyota naiweka wakati nasoma, si baada ya kujua kitabu kinafundishwa wapi. Nyuma ya daftari nimefungua kurasa za kabla ya 2017, za kukumbuka. Namba moja hapo ni zimwi la bibi. Namba mbili ni kitabu kisicho na jalada.

Orodha nilimpelekea mwalimu ikiwa na nyota zake za zamani, bila kusahihisha, na karatasi ya pili yenye nyota mpya. Aliziweka sambamba mezani, akaziangalia muda mrefu, akaniambia niandike. Ndiyo hii.

Likizo iliyopita nilimpa mdogo wangu, ana miaka kumi na mitatu, Adili na Nduguze yangu niliyonunua mwenyewe. Sikumwambia ni cha nani wala kinafundisha nini. Alikisoma siku tatu, chini ya meza, kwa tochi ya simu ya mama. Siku ya nne akaja kuniuliza: "Dada, kama Adili anawapenda, kwa nini asitoroke nao mahali ambapo yule jini hawezi kufika?" Tulibishana juu ya hilo mpaka chakula kikapoa. Yeye anashikilia kwamba majini hayawezi kuvuka maji ya chumvi, jambo ambalo kitabuni halimo. Amelitoa wapi sijui, nadhani kwa bibi.

Sasa naye ana daftari, la mazoezi, kurasa arobaini na nane, amenakili safu zangu zote. Nililichungulia kabla sijarudi chuoni. Mstari wa kwanza: Adili na Nduguze, Shaaban Robert, tarehe mbili, nyota kubwa imechorwa kwa kalamu nyekundu. Kwenye "cha nani" ameandika: "Changu." Nimemdai mara mbili na bado hajanirudishia.